Lebo Iliyoelekezwa Mlangoni

Watu wengi wenye kinyongo hukiweka moyoni, mahali ambapo hakionekani wala hakifanyi kazi yoyote. Yeye alikiweka kwenye rafu. Kilikuwa ndani ya chupa ya jemu yenye mfuniko mwekundu, kikielea katika fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, na lebo ya chupa ilielekezwa mlangoni. Kwa miaka kumi na mmoja sikumwona akiigusa ila siku za kufuta vumbi, na hapo aliirudisha vilevile, akirekebisha kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayenyoosha picha ukutani.

Tulimwita Madam. Katika hospitali yetu hapa Nakuru madam walikuwa wengi, lakini ukilitaja jina hilo bila kuongeza neno kila mtu alijua ni yule wa chumba cha kukatia. Kazi yake ilikuwa kupokea nyama iliyotolewa mwilini mwa mgonjwa, kuigandisha ndani ya kitalu, bonge dogo la nta, kisha kuikata utepe mwembamba unaopitisha mwanga, ili daktari wa hadubini aseme kama ni saratani au si saratani. Mimi nilikuwa karani. Nilianzia dirisha la mapokezi, nikipokea chupa kutoka Molo, Gilgil, Subukia na Kuresoi. Baadaye Madam mwenyewe aliomba nihamishiwe kwake. Meza yangu iliwekwa hatua mbili ndani ya mlango, mkabala na rafu.

Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata Januari, wakati vumbi la Menengai linapoingia hadi kwenye sukari. Mikono kama yake sijaiona kwa mtu mwingine. Alipokata, utepe wa nta ulielea juu ya maji ya uvuguvugu naye aliuokota kwa ncha ya brashi huku amebana pumzi. Aliimba kwa pua, wimbo mmoja wa kanisa kwa wiki nzima, na Jumatatu alianza mwingine. Kisu kikikwama kwenye sehemu ngumu alisimama, akaangalia fomu, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mama," au "Pole, baba," kisha akaendelea. Watu wale walikuwa mbali, wengine walikuwa wamekwisha kufa, lakini pole yao waliipata.

Mtu huyohuyo hakuwahi kusamehe hata kiazi.

Nasema kiazi kwa sababu nilikishuhudia. Alinunua gunia la viazi vya Kuresoi sokoni, juu vizuri, chini vimeoza. Mtu mwingine angerudi na gunia na kelele. Yeye kila Jumamosi alichukua kiazi kimoja kibovu, akaenda nacho kwa yule muuzaji, akamsalimia vizuri, akakiweka juu kabisa ya rundo lake, akaondoka. Jumamosi ya tano muuzaji, pande la mtu, alitufuata hospitalini na gunia jipya begani.

"Madam, nimekuja mwenyewe. Chukua hii yote. Hiyo viazi yako inanifukuzia wateja."

"Nilinunua viazi ya kula. Si ya kunusa."

"Nimekubali, mathe. Ni makosa yangu. Tumemaliza?"

"Bado tisa."

"Tisa gani tena?"

"Viazi zako mbovu zilikuwa kumi na nne. Nimekurudishia tano."

Alilipokea gunia, akamshukuru, na Jumamosi tisa zilizofuata akapeleka vile tisa. Baada ya cha mwisho akawa mteja wake mwaminifu kuliko wote. Nilicheka sana wakati ule. Nilipaswa kutazama vizuri zaidi namna alivyohesabu.

Na bado, mwanamke huyu aliyekata nyama za watu kutwa nzima aliogopa sindano. Tulipochanjwa wafanyakazi wote alinishika mkono, akageuza uso ukutani, akasema, "Niambie kitu yoyote." Nikamwambia kuna mvua Subukia. "Uongo," akasema, na sindano ikawa imekwisha kuingia.

Misemo yake ilikuwa yake peke yake. Daktari kijana akija kumbembeleza aharakishe majibu kwa sababu mgonjwa anahurumisha, alimjibu, "Usinipe huruma. Nipe saa." Alimaanisha saa ambayo nyama ilitoka mwilini. Nyama ikikaa muda mrefu bila dawa inaoza. Ikikaa ndani ya dawa kupita kiasi, jeni zake zinakatikakatika na hakuna mashine duniani inayoweza kuzisoma. Kwa hiyo alikuwa na msemo mwingine, na huo aliniandikisha kwa kalamu nyekundu nikaubandika juu ya meza yangu: Tarehe ni sehemu ya nyama.

Nilimsikia akieleza kazi hiyo kwa watu wengi, lakini vizuri zaidi kwa askari mmoja wa Gilgil aliyefuata majibu ya mkewe. Yule bwana alisimama wima mlangoni kama yuko gwaride.

"Madam, wanasema kuna dawa ya jeni. Sasa jeni ni nini? Ni virusi?"

"Wewe unakaa kambini?"

"Ndio."

"Mfereji ukiharibika, ukwame wazi, maji imwagike hadi kwa jirani, unafanya nini?"

"Nafunga valvu kubwa ya mtaa."

"Na majirani wakose maji?"

"Watavumilia."

"Hiyo ndiyo chemo, ile dawa ya saratani ya dripu. Inafunga mtaa mzima, ndio maana hata nywele inakauka. Jeni ni maagizo ndani ya mwili. Herufi moja ikikosewa, mfereji mmoja unakwama wazi na uvimbe unakunywa tu. Sasa kuna watu wanatengeneza tembe kama kofia ya mfereji. Inaziba huo mmoja, mingine inaendelea na kazi. Lakini fundi hawezi kukuchongea kofia kama hajui ni mfereji gani, na mdomo wake uko aje. Hiyo ndiyo tunatafuta kwa nyama ya mama."

"Na mkikosa?"

"Tukikosa kwa sababu haiko, hiyo ni ya Mungu. Tukikosa kwa sababu nyama iliharibiwa, hiyo ni ya mtu. Na mtu ana jina."

Nyuma ya daftari la zamani alikuwa na orodha. Juu aliandika neno moja, Wahalifu. Chini yake zilipangwa jeni zilizokosewa, herufi na namba, zikifanana na namba za gari lililogonga mtu likatoroka. Aliposoma kwamba wanasayansi wamepata tembe inayoiziba mojawapo, alichukua rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka. "Amekwenda huyu," alisema. Wengine walikaa kwenye orodha miaka mingi bila mstari, naye aliwapitia kwa kidole kila mwisho wa mwezi kama polisi anayehesabu waliobaki nje.

Sasa niseme kuhusu dada yake.

Alikuwa mdogo wake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Subukia. Hakuvuta sigara maishani mwake. Alikohoa, akapewa dawa za kifua kikuu, akakohoa tena, akapewa tena. Alimficha Madam kwa sababu alijua atavuruga hospitali nzima. Mwishowe alikwenda kimyakimya kwenye hospitali ndogo ya binafsi hapa mjini, na daktari mwenye hospitali hiyo akamtoa tezi moja shingoni, kubwa kama harage. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Tezi ikatiwa katika chupa ya jemu.

Hospitali ile ilikuwa na desturi. Chupa hazikuletwa kwetu moja moja; zilipangwa dirishani mpaka katoni ya maziwa ijae, ndipo dereva aitwe. Katoni ile ilichukua wiki tatu kujaa.

Na sisi dirishani tulikuwa na desturi yetu. Fomu isiyokamilika ilitakiwa kurudishwa, na kurudisha kulileta ugomvi. Kwa hiyo palipoachwa wazi penye tarehe ya kutolewa nyama, karani alijaza ya leo. Hakuna aliyetufundisha. Tuliikuta.

Dereva alifika karibu na saa sita.

"Boss, hii ya mwisho haina tarehe," akaambiwa.

"Andika ya leo. Zote ni za juzi-juzi."

"Juzi-juzi ni lini?"

"Si uandike tu, nimeegesha vibaya!"

Karani akaandika ya leo, kwenye fomu na kwenye lebo, akabandika. Karani huyo nilikuwa mimi.

Kilichofuata kinaeleweka kirahisi. Wakati ule fomu zilibaki mapokezi, na Madam mezani kwake aliona namba na tarehe tu. Tarehe ilimwambia kwamba nyama ni mbichi, kwa hiyo akaiacha katika dawa siku moja na nusu zaidi ili ikomae. Alitia nusu ya tezi ndani ya nta, akabakisha nusu katika chupa, akakata. Alimkata dada yake bila kujua, akiimba kwa pua. Alijua siku mdogo wake alipopiga simu na kusema, "Dada, nisamehe, kuna majibu yangu huko kwenu."

Saratani ya mapafu ya mtu asiyevuta sigara mara nyingi ina mfereji mmoja unaojulikana, na kofia yake ilikuwapo. Kulikuwa na mpango wa kutoa tembe hizo, mradi mgonjwa awe na karatasi inayotaja jeni. Madam alituma kitalu ng'ambo. Tukangoja. Jibu lilipokuja lilisema jeni zimekatikakatika, hazisomeki, tuma nyama nyingine. Lakini shingoni hakukuwa na tezi nyingine ya kutoa, na pumzi ya mwalimu yule haikuweza tena kuvumilia sindano ya kutoa nyama mapafuni. Kama tungejua siku ya kwanza kwamba nyama ni ya wiki tatu, sindano ingechomwa wakati angali anapanda ngazi za shule kwa miguu yake.

Alikufa mwanzo wa muhula. Watoto wa darasa lake waliimba kaburini, na Madam hakuimba.

Aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja dirishani na daftari la mapokezi mkononi. Tulikuwa makarani watatu. Aliuliza, "Nani alipokea hii?" Mkuu wetu akasema, "Madam, dirisha ni moja na watu ni watatu, nani atakumbuka?" Wenzangu waliangalia chini kwa sababu hawakujua. Mimi niliangalia chini kwa sababu nilijua. Alitutazama mmoja mmoja, akafunga daftari. Mwezi uliofuata akaomba nihamie kwake. Nilijiambia amependa mwandiko wangu.

Tangu hapo fomu zilikuja mezani pamoja na chupa, na mimi nilipewa kazi moja kubwa kuliko zote: fomu ikiwa haina saa na tarehe, napiga simu. Si kesho, si baada ya chai. Nilipiga simu kwa wauguzi walionitukana, kwa madaktari walio katikati ya upasuaji, mara moja kwa bwana arusi aliyekuwa kanisani. "Ni yule mtu wa saa," walisema wakiona namba yangu. Nikikata simu Madam aliuliza bila kuinua macho, "Umeandika?" Nami nilijibu, "Nimeandika."

Kisasi chake kwa yule daktari kilikuwa cha wazi, au hivyo ndivyo nilivyokisoma. Daktari alikuwa mrefu, mchangamfu, mtu wa kupiga watu mabegani, mwenye utepe wa kampeni ya saratani kwenye koti. Mara ya kwanza kuja baada ya mazishi alisimama mlangoni akitabasamu.

"Madam! Nasikia umeninunia."

"Karibu, Daktari." Alisimama. Alisimama kila mara alipokuja, kama mwanafunzi. "Chupa yako iko hapo juu."

Akaitazama rafu. "Si hiyo mambo iliisha? Ilikuwa uzembe wa dereva. Na mgonjwa alikuwa amechelewa, tuseme ukweli."

"Nusu ya tezi bado iko ndani. Ukiihitaji."

"Madam, tezi ni tezi."

"Hii ina jina."

Hakumwinulia sauti siku hiyo wala siku nyingine. Alichofanya ni kurudisha kila sampuli yake yenye kosa, na hata kosa likiwa dogo namna gani alieleza kwa ukurasa mzima, nakala kwa kila mtu. Katika kila mkutano wa madaktari wa kaunti, ulipofika wakati wa mengineyo, alinyoosha mkono na kusema sentensi ileile: "Daktari, chupa yako ya tezi bado iko kwangu." Mwaka wa kwanza watu walicheka kwa haya. Mwaka wa pili walianza kumtazama daktari. Mwaka wa tatu daktari alikuwa na vyombo vipya vyenye mdomo mpana, muuguzi wa kuandika saa, na pikipiki ya kuleta sampuli kila siku saa tisa. Hospitali nyingine zikamwiga, wasije wakapata chupa yao kwenye rafu.

"Amebadilika, Madam," nilimwambia siku moja.

"Dada yangu hajabadilika," akasema.

Nilimchukia daktari yule kwa niaba yake. Nilimchukia kwa bidii, na leo najua kwa nini. Kila nilipolitaja kosa lake, langu lilipumzika.

Kisasi cha pili kilikuwa juu ya ugonjwa wenyewe. Watafiti kutoka chuo kikuu walikuja wakitafuta nyama za wagonjwa wa Bonde la Ufa ambao tembe ziliwasaidia mwaka mmoja au miwili, kisha zikaacha. Walieleza kwamba mfereji hubadilisha mdomo, kofia ya kwanza isikae tena, na wao wanachonga ya pili. Madam aliwauliza swali moja.

"Hiyo kofia mnaipima kwa mfereji wa nani?"

"Sampuli nyingi ni za ng'ambo, Madam. Ndiyo sababu tumekuja."

"Mmechelewa. Lakini kaeni."

Hakuwapa kitalu hata kimoja bila ruhusa ya wenyewe. Alikaa na simu yangu, akawapigia wagonjwa, wajane na watoto. "Nyama ya mama yako bado iko hapa kwetu," alimwambia binti mmoja wa Molo. "Mnataka ilale ama ipigane?" Nilisikia binti akilia, kisha nikasikia, "Ipigane." Wachache walikataa, naye aliheshimu, akaandika "imelala" pembeni. Kitalu cha dada yake, kilichorudishwa kutoka ng'ambo, hakikufaa utafiti wowote. Alikiweka nyuma ya chupa.

Kisha, katika mwaka wake wa mwisho kazini, ilikuja ndoo.

Ilikuwa ndoo nyeupe kutoka chumba cha upasuaji cha hospitali nyingine hapa mjini, uvimbe wa ukuta wa tumbo, mkubwa kama embe. Nilisoma jina kwenye fomu mara mbili. Alikuwa yule daktari. Nilishuka na macho hadi penye saa na tarehe. Palikuwa wazi.

Nilimpelekea Madam fomu. Alivua glavu kwanza, akasoma, akaiweka mezani. Nje kulikuwa na mtu akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, na tulilisikia mpaka mwisho wa ukumbi.

"Imetolewa saa ngapi?"

"Hawajaandika."

"Na wewe umesimama hapa unafanya nini?"

Nilisema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mwingine. Nilisema, "Madam, tunaweza kuiacha ikae. Wiki tatu. Hakuna atakayejua."

Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko siku yoyote.

"Wewe unataka nini hasa?" akauliza. "Unataka nani alipe?"

"Yeye."

"Akifa atanikumbuka na nini? Mimi nataka aishi. Aishi hadi meno iishe. Piga simu."

Nikapiga. Saa nne na dakika ishirini, asubuhi ile. Nikaandika. Aliupasua uvimbe ili dawa ipenye, akapima fomalini mwenyewe, akaweka saa ya kengele, na kesho yake akarudi kuutoa dakika ileile iliyotakiwa. Uvimbe wa aina ile una jeni yake na tembe yake, moja ya zile alizopigia mstari zamani. Alikata utepe. Kisu kilipokwama alisimama, akaangalia fomu. Nilingoja nisikie. "Pole, baba," akasema, na akaendelea.

Majibu yalisomeka herufi kwa herufi. Jeni ilikuwa ileile, na tembe ingeiziba. Daktari alikuja kuyachukua mwenyewe, amepungua, koti limekuwa la mtu mwingine. Madam alisimama.

"Karibu, Daktari."

"Madam, sijui nianzie wapi."

"Anzia kwa tembe. Moja kila siku, asubuhi, na chakula. Kila ukimeza, utaje jina lake kwanza."

"Jina la nani?"

"Unalijua."

Aliitazama chupa. Kwanza nilidhani hatalitamka, na pengine kweli alikuwa amelisahau, lakini midomo ilisogea na likatoka, majina yote mawili, la ubatizo na la mume. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo chumbani mle kutoka kinywani mwake.

"Vizuri," Madam alisema. "Kesho tena."

Alistaafu miezi michache baadaye, akahamia Subukia, karibu na nyumba ya marehemu. Chupa aliichukua. Rafu ilibaki na duara safi katikati ya vumbi, nami nilikaa nikilitazama duara hilo miezi sita. Nilijua siwezi kuendelea. Jumamosi moja nilikwenda.

Nilimkuta zizini. Daktari wa mifugo alikuwa anamchoma ng'ombe sindano, na Madam amemshika ng'ombe kamba huku uso umegeukia kwenye mibuni ya kahawa. "Niambie kitu yoyote," alisema aliponiona.

"Wale watafiti wameandika. Kofia ya pili imeanza kujaribiwa kwa watu. Nyama za Molo na Kuresoi zimo katika vipimo."

"Itafanya kazi?"

"Wanasema hawajui bado."

"Hao ndio watu wa kweli," akasema. "Nitaweka rula karibu."

Tulikaa verandani, akanimiminia chai ya maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yeye alinitangulia.

"Kwa kabati ya vikombe, chini. Ilete."

Nikaileta chupa. Tezi ilikuwa imebadilika rangi, kama kipande cha mshumaa wa zamani.

"Soma lebo."

Nikasoma namba. Nikasoma tarehe.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu, Madam. Fomu haikuwa na tarehe. Nilijaza ya leo."

Alipuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Nilidhani utasema mwaka wa kwanza."

"Ulijua?"

"Hospitali nzima ni nani mwingine anavalisha saba yake mkanda?"

Niliiangalia saba ile, na mstari mdogo niliokuwa nimeukata kiunoni mwake, kama ninavyofanya tangu shule.

"Lakini chupa ilikuwa ya Daktari," nikasema. "Uliielekeza mlangoni ili aione."

"Daktari alikuwa anakuja mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara mbili. Mara tatu."

"Na hapo mlangoni palikuwa na meza ya nani?"

Ng'ombe alikuwa amefunguliwa, anajikuna kwenye nguzo. Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile ile, nifukuzwe.

"Ungefukuzwa ungesahau. Ungepata kazi ingine, ungejaza tarehe zingine. Nilikutaka karibu. Kila simu ulipiga, nilikuwa nasikia."

"Nimekuja kuomba msamaha, Madam."

"Najua. Daktari pia aliomba. Anapiga simu kila Jumatatu kuniambia amemeza." Aliweka kikombe chini. "Yeye alikuwa na tembe yake. Yako bado haijatengenezwa."

Hakusema kwa ukali. Alinikaribisha ugali, akanifungia ndizi za kupelekea watoto, akanisindikiza hadi barabarani. Pale alinikabidhi mfuko wa karatasi, na kwa uzito wake nilijua ni nini kabla sijafungua.

"Mimi nimechoka kufuta vumbi," alisema.

Chupa iko nyumbani kwangu sasa, kwenye rafu mkabala na meza ninayoandikia. Siku ya kwanza niliiweka lebo ikiangalia ukuta. Asubuhi niliigeuza mwenyewe.